Ruhusa ya Kuingia Epifania Asipokuwepo

Kama kuna binadamu Kasulu hii anayestahili kuachwa apumzike, ni Epifania Nduwayezu, na kama kuna binadamu ambaye hajawahi kuachwa, ni huyo huyo. Nasema kwa hasira na sijutii. Tumekaa meza zinazotazamana kwa miaka kadhaa katika ofisi ya Afya Milimani, shirika linaloendesha mfumo wa kompyuta wa zahanati za vijijini, kuanzia Titye na Rungwe Mpya hadi Kibondo na Kakonko. Mimi ni Zena, mtu wa Pangani, nimeletwa huku na serikali kusimamia takwimu za afya. Yeye ndiye mtu wa mitambo. Nimemwona akila chakula kilichopoa mara nyingi kuliko cha moto.

Alizaliwa Gwarama, kule Kakonko. Baba yake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa kijana, amembeba mama yake mgongoni, akalima mihogo na maharage kwenye mashamba ya watu mpaka akapata lake, na uraia akaupata uzeeni. Mzee huyo alimsomesha mwanawe wa kwanza, wa kike, huku Pasikali, mdogo wa mzee, akimcheka waziwazi kwamba anawasomeshea wakwe. Epifania akaenda Dodoma kusomea kompyuta, kisha akarudi. Nilimuuliza siku moja kwa nini hakubaki mjini kama wenzake. Akaniambia alitaka kukaa mahali ambapo akiitwa nyumbani, anafika siku hiyo hiyo.

Nieleze kidogo habari ya mitambo, kwa jinsi alivyonieleza mimi nisiyejua kitu. Mfumo wetu haukai kwenye kompyuta moja. Unakaa kwenye kundi la kompyuta zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja, wenyewe wanaliita klasta, na sisi tunazo mbili, ya Kasulu na ya Kibondo. Juu yake kuna programu inayoitwa Kubernetes, ambayo kazi yake ni unyapara: inagawa kazi, inakagua nani ameelemewa, na kompyuta moja ikizimika, kazi zake zinahamishiwa kwa nyingine bila nesi wa zahanati kujua. Ni kitu kizuri. Ubaya wake ni kwamba mwenye ufunguo wa huyo mnyapara anaweza kufanya lolote, hata kufuta kila kitu.

Zamani ufunguo huo ulikuwa wa wote. Watu wa huku huachiana funguo za nyumba kwa jirani bila wasiwasi, na ofisi yetu nayo ikafanya hivyo hivyo: ufunguo wa klasta ulikuwa umewekwa kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya picha za harusi na matangazo ya vikao. Siku moja Rashid, mtengeneza programu wetu wa Kibondo, mtoto wa Temeke mwenye haraka zake, akafuta programu ya dawa akidhani anafuta ile ya majaribio. Manesi wa Rungwe Mpya walishinda wakiandika kwa mkono. Mkuu wetu, Mzee Gasper, ni Muha wa Kasulu, mpole, mzee wa kanisa. Alikasirika kwa namna yake, yaani alinyamaza, na alipofungua mdomo ikawa amri: ufunguo ukae kwa Epifania peke yake.

Amri hiyo ndiyo iliyomfunga kamba. Nimemkuta saluni nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, laptopu mapajani, msusi kakasirika. Programu ikikwama Kibondo, Rashid hana ruhusa hata ya kuona imekwama kwa nini, basi anampigia Epifania. Mwaka jana baba yake alilazwa Kibondo akiwa hoi. Epifania akaenda na laptopu yake, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwachia. Mchana mzee alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa kwenye korido, akimsomea Rashid amri moja moja kwa simu. Aliporudi wodini, nesi alishamfunika mzee uso. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, na mimi sikumchimba.

Aliporudi kazini alikuwa na neno moja tu: toleo jipya la programu ya kusimamia klasta. Aliliomba, akalipigania, akalisimika mwenyewe. Humo kila mtengeneza programu anaingia kwa jina lake. Anaona programu zake, anaziwasha na kuzizima, za wenzake hagusi. Akihitaji nguvu zaidi, kama kurudisha toleo la zamani lililokwisha kuondolewa, anaomba humo humo kwenye mfumo, na ombi linakwenda kwenye simu za watu watatu: Epifania, Mzee Gasper na mwenzetu mmoja wa Dar. Yeyote kati yao akibonyeza Kubali, mlango unafunguka kwa muda mfupi kisha unajifunga wenyewe, na kila alichofanya huyo mtu kinaonekana na kinaweza kurudishwa. Hata mimi nilielewa. Maana yake ni kwamba Epifania anaweza kuondoka mji huu na dunia isisimame.

Na alikuwa na safari moja tu aliyoitaka. Kwao, mwaka ukikaribia kutimia tangu maziko, familia inafanya kuganduka, siku ya kuondoa msiba. Ndugu wanakusanyika, wakubwa wanasema nani anashika nafasi ya marehemu, na mtoto mmoja anasimama kumuaga kwa niaba ya wote. Yakishasemwa, yamesemwa. Msiba umekwisha, na kwao hakuna anayeruhusiwa kusimama tena kumlilia huyo mtu hadharani. Mzee alikuwa ameacha neno kwamba atakayesimama ni Epifania. Baba mdogo Pasikali hakupenda, mwanamke asimame mbele ya ukoo, lakini neno la marehemu ni zito, akakubali kwa shingo upande. Epifania hakumuaga baba yake hospitali. Hii ndiyo ilikuwa nafasi iliyobaki.

Maneno yake nayajua, kwa sababu aliyafanyia mazoezi mbele yangu saa za chakula. Alianza na mto wa mpakani, na bibi yake mgongoni mwa kijana, na kijana akimwambia mama yake asitazame maji. Nililia kwenye ugali wangu mara mbili, na mimi si mtu wa kulia.

Basi akaitisha mafunzo. Watu walikuja wote, walitikisa vichwa, walipiga makofi, walikula wali. Rashid akasema, "Da' Epi, hii kitu ni moto, umetisha." Kesho yake asubuhi akapiga simu.

"Da' Epi, samahani, nataka ruhusa. Niombe kwenye mfumo au nikuombe wewe?"

"Kwenye mfumo, Rashid."

Akaomba kwenye mfumo. Kisha akapiga simu tena kumjulisha kwamba ameomba. Wakati huo huo Mzee Gasper, ambaye ombi limemfikia kwenye simu yake na kitufe anakiona, akampelekea Epifania ujumbe: "Binti yangu, kuna mtu anaomba kitu huku." Nilitamani kupiga kichwa ukutani. Epifania alicheka kwanza, wiki ya pili hakucheka, na ya tatu akaenda kukaa ofisini kwa Mzee akamwelekeza upya kwa upole, kitufe hiki, bonyeza hapa. Mzee akasema ameelewa kabisa. Na ninaamini alielewa.

Ilipofika wiki ya safari, Epifania alichomoa simu ya kazi mfukoni, akaiweka kwenye droo ya meza yangu.

"Dada Zena, ikilia iache ilie. Kila kitu kiko kwenye mfumo."

"Nenda mama. Kamuage mzee wako."

Jumamosi yenyewe ya shughuli, tumefika ofisini asubuhi, droo ikaanza kuunguruma. Nikaiacha. Ikaunguruma tena na tena mpaka kalamu zikawa zinacheza juu ya meza. Nikapokea. Rashid anahema.

"Dada Zena, nipe da' Epi. Nimepandisha toleo jipya la kadi za kliniki, limegoma. Wajawazito wamejaa zahanati, kadi hazifunguki. Nataka kurudisha la zamani ila siruhusiwi."

"Omba ruhusa kwenye mfumo, wewe mtoto!"

"Nimeshaomba! Yule wa Dar yuko likizo ya uzazi. Mzee hajakubali."

Nikaenda kwa Mzee Gasper mbio mbio. Nikamkuta amekaa, miwani puani, simu iko mezani mbele yake, ombi la Rashid limefunguka, kitufe cha Kubali kikubwa cha kijani kinamtazama.

"Mwakeye, mama Zena. Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo Mzee. Rashid anasubiri."

"Nimeona. Masikini, nimeona tangu asubuhi."

"Sasa si ubonyeze?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mama Zena, mambo hayo ni ya Epifania. Yeye ndiye mwenyewe. Mimi nikifungua mlango wake akiwa hayupo, tena yuko kwenye shughuli ya baba yake, atajisikiaje? Ataona tumengoja ageuze mgongo."

"Lakini ni yeye aliyekupa ruhusa ya kufungua!"

"Kunipa alinipa," akasema. "Hata hivyo."

Hapo ndipo unapokutana na ustaarabu wa watu hawa, na ndipo mimi mtu wa pwani ninapochoka. Huku mtu haingii nyumba ya mwenzake mwenyewe akiwa hayupo, hata kama mlango uko wazi, hata kama ameachiwa ufunguo, hata kama mvua inampiga. Anakaa kwenye benchi la nje anasubiri. Jirani aliyeachiwa ufunguo, mwenye nyumba akichelewa, anaulinda ule ufunguo lakini hafungui. Ni jambo jema kwenye nyumba. Lakini klasta si nyumba, na wajawazito walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kweli.

Nikasema hayo yote, na kwa sauti. Mzee akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tumfuate. Ni vizuri pia, maana ofisi haijafika kutoa pole." Nilitamani kumpokonya ile simu nibonyeze mwenyewe, ila kioo kilishazima, na inafunguka kwa kidole chake tu, kama ile ya Epifania inavyofunguka kwa chake. Akaniomba niende naye, kwa sababu wanaume watupu hawaingii nyumba yenye shughuli ya msiba. Nikapanda gari huku nimevimba. Njiani nilijipa moyo kwamba labda mashine itamwonea Rashid huruma.

Tulipofika Kibondo tukamchukua Rashid na laptopu yake. Nikadhani sasa tunakwenda. Hapana. Mzee akasimamisha gari sokoni, kwa kuwa hatuwezi kuingia mikono mitupu. Tukanunua sukari. Tukanunua kreti za soda, na Mzee akasimama kuchagua, hizi nyeusi zipungue, za machungwa ziongezeke, watoto watakuwepo. Simu ya Rashid ilikuwa inaita muda wote, manesi wanamtukana kwa Kiswahili na kwa Kiha. Rashid akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Zena, huyu mzee yuko siriasi?" Nikamwambia apakie soda anyamaze.

Gwarama tulifika jua limeshasogea. Uani kulikuwa na watu wengi wamekaa kwa mpangilio, wakubwa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, chungu cha pombe ya ndizi kimewekwa katikati na mirija yake. Epifania alikuwa mbele, amevaa kitenge kipya, nywele amesuka zote. Nilimwona kabla hajatuona. Alikuwa amesimama wima, mikono ameikunja tumboni, midomo inatembea taratibu. Nikajua yuko kwenye mto, anampitisha bibi yake.

Nikamshika Mzee mkono. "Tusubiri hapa. Bado hajasema."

Lakini gari la ofisi likisimama mbele ya uzio haliwezi kujificha. Watoto walikimbilia kreti. Mtu akamnong'oneza mama yake Epifania kwamba wakubwa wa kazini wamefika, na mama akamnong'oneza mwanawe, kwa sababu huko wageni wako hawapokelewi na mtu mwingine. Ni lazima uinuke uwapokee wewe. Epifania akageuka, akatuona watatu tumesimama na sukari. Sitasahau uso ule. Akatoka nje ya uzio.

"Kaze, kaze," alisema mama yake nyuma yake, anatukaribisha.

Na Mzee Gasper akaanza. Alivua kofia. Akamshika Epifania mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza habari za nyumbani, za mama, za wadogo, za mvua. Akatoa pole kwa niaba ya ofisi, akatoa pole kwa niaba ya familia yake, akaeleza kwamba wangefika mapema ila kazi. Akakabidhi sukari. Akaonyesha soda. Huwezi kuingiza shida yako kabla ya hayo, ni utovu wa adabu, na Mzee Gasper hajawahi kukosa adabu maishani mwake. Epifania alikuwa anaitikia, "Asante baba, asante baba," macho yake yanarudi nyuma ya bega lake kila mara.

"Mzee," nikasema, "mwambie!"

"Nakuja, mama Zena. Binti yangu, kuna kajambo kadogo..."

Ndipo tukasikia sauti ndani ya uzio. Baba mdogo Pasikali alikuwa ameinuka. Sauti yake ilikuwa kubwa, haina haraka. Alisema ndugu yake alikuwa mtu mwema. Alisema alilima na alisali. Alisema alipokelewa vizuri na nchi hii na hakugombana na mtu. Kisha akasema basi, msiba umekwisha, watu wale, wanywe. Wakapiga makofi.

Hakutaja mto.

Epifania hakugeuka. Alibaki ameshika mfuko wa sukari, anautazama. Mama yake akatoka akamshika kiuno.

"Nilimwambia asubiri, mwanangu," alisema mama. "Akaniambia wageni wako ni wakubwa, si vizuri uharakishwe."

Mzee Gasper ni mtu mwenye akili, alielewa alichokifanya, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti. Mimi sikumwonea huruma. Bado nilikuwa na hasira, na nilimwachia alie.

Epifania akampa mama yake sukari. "Kajambo gani, Mzee?"

Akaelezwa. Alisikiliza yote bila kukunja uso. Kisha akamwambia Rashid aombe upya, maana ombi la asubuhi lilikuwa limeshapitwa na muda. Rashid akafungua laptopu juu ya boneti, akaomba. Simu ya Mzee ikatoa mlio. Epifania alimtazama, na Mzee akabonyeza Kubali mbele yake. Rashid akarudisha toleo la zamani. Soda niliyokuwa nimepewa ilikuwa haijafika nusu, nesi wa Kibondo akapiga simu kusema kadi zinafunguka. Ndiyo hiyo tu. Hiyo ndiyo kazi iliyotupitisha wilaya tatu na kreti za soda.

"Nipe hiyo laptopu," alisema Epifania.

Akaingia kwa jina lake, akaandika kidogo akiwa amesimama, kitenge chake kipya kinagusa vumbi la gari. Rashid alikuwa anachungulia begani kwake, nikaona anashtuka.

"Da' Epi, unafanya nini? Unajitoa? Ukijitoa hapo unabaki kama mimi. Hutaweza kumruhusu mtu yeyote. Hata wewe mwenyewe utakuwa unaomba."

"Najua. Nilitengeneza mwenyewe."

"Kwa hiyo Jumatatu..."

"Jumatatu nitakuja kazini, nitafanya kazi yangu. Nikihitaji mlango, nitamwomba Mzee kama mtu mwingine. Na wewe utamwomba Mzee. Mimi hapo sina nyumba tena."

Akabonyeza. Mfumo, kwa sheria aliyouwekea yeye, haumtoi mwenye mamlaka bila mwenzake mmoja kukubali. Simu ya Mzee Gasper ikalia tena mkononi mwake. Akaweka miwani, akasoma. Epifania Nduwayezu anaomba kuondolewa. Kubali. Kataa.

Ndani ya uzio watu walikuwa wameanza kuimba. Mzee alitazama kile kitufe, kidole kimeinuka. Kisha akainua uso, na kwa mazoea yake yote ya miaka yote, akamgeukia Epifania.

"Binti yangu," alisema, "sasa hili nimuulize nani?"

Epifania alikuwa ameshaanza kurudi kwa mama yake.